Pinyoni, msonobari mfupi wa nchi kavu wenye mbegu za kula: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Kila ikifika mwezi wa tisa natuma picha za mbegu kwenye magrupu ya nyumbani na kila mwaka maswali yanakuwa yaleyale, kwahiyo nimeona niyakusanye yote niyajibu mara moja, mtu akiuliza tena namtumia hii. Mi nimezaliwa Mafinga, nimekulia katikati ya paini za Sao Hill, lile shamba kubwa la miti kule Tanzania, sa hivi naishi Albuquerque, New Mexico, huku kusini magharibi mwa Marekani. Paini nilikuwa nazijua kama mbao na kuni tu. Huku ndo nimekutana na paini inayolisha watu, na toka siku ile sijaacha kuifuatilia.

Pinyoni ni mti gani hasa?

Ni paini kabisa, ila ondoa kichwani zile paini zetu zilizonyooka kama nguzo za umeme. Huu ni mti mfupi, mingi haizidi mita 10, shina limejikunja, matawi yanaanzia karibu na chini, kwa mbali unaweza kudhani ni kichaka kikubwa. Jina la kitaalamu ni Pinus edulis, na hiyo edulis ni Kilatini, maana yake inalika, aliyeupa jina hilo ni mtaalamu wa mimea anaitwa George Engelmann mwaka 1848. Una ndugu yake wa karibu sana, Pinus monophylla, huyo yuko zaidi Nevada, magharibi mwa Utah na California. Namna ya kuwatofautisha ni rahisi, chuma kifungu kimoja cha majani uhesabu sindano: pinyoni ya huku kwetu ina sindano mbili mbili, ile ya Nevada ina moja moja, na kwenye paini zote duniani ni yenyewe tu iliyo na sindano moja moja. Paini ya Sao Hill, ile patula, ukichuma utakuta mara nyingi ziko tatu na ni ndefu zinaning'inia kama nywele.

New Mexico imeifanya pinyoni mti rasmi wa jimbo, na Nevada nao wana ile ya sindano moja.

Msonobari na paini si kitu kimoja?

Kitu kimoja. Msonobari ni jina letu la zamani, limetoka kwenye Kiarabu, sanawbar. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai watakuwa wanazijua hizi mbegu vizuri kuliko wengi wetu wa bara, kwa sababu kule zinakaangwa kidogo kwenye samli zinamwagiwa juu ya wali kwenye sinia. Ila zile za kwenye wali kwa kawaida ni za misonobari mingine, ya Bahari ya Mediterania, au ya China, au ile ya milima ya Pakistani na Afghanistani inayoitwa chilgoza. Pinyoni ya Marekani haifiki huko kirahisi, nyingi inaliwa hukuhuku inakookotwa.

Inaota wapi, na mvua kiasi gani?

Nyanda za juu kavu za New Mexico, Arizona, Colorado na Utah, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 mpaka 2,700 hivi. Mvua ya mwaka mzima, pamoja na theluji ikiyeyushwa, ni kama milimita 250 mpaka 560. Ili upate picha, Dodoma yetu tunayoilalamikia kila siku inapata kama milimita 550 hadi 600, yaani pinyoni iliyobahatika kuliko zote ndo inakaribia Dodoma, nyingine zinaishi kwa nusu ya hapo. Alafu juu ya ukame weka baridi, usiku wa mwezi wa kwanza maji yanaganda kwenye bomba, na mchana wa mwezi wa sita jua linachoma mpaka mawe yanapasuka.

Karibu kila mahali iko pamoja na mti mwingine, ambao ni jamii moja na mtarakwa wetu wa Kilimanjaro na milima ya Kenya. Mi nauita mtarakwa tu. Hiyo miti miwili imeishi pamoja miaka mingi ila tabia zao kwenye ukame ni tofauti kabisa, hilo linakuja kwenye swali linalofuata.

Sasa ukame inauvumiliaje?

Hili ndo swali nalolipenda, naomba mnivumilie ni refu kidogo.

Kwanza ni mizizi. Kuna mzizi mkuu unaoshuka kwenye nyufa za mwamba mita kadhaa, imeshakutwa iliyozidi mita 6, alafu kuna mizizi ya pembeni inayotambaa karibu na uso wa ardhi ikienda mbali kupita hata kivuli cha mti wenyewe. Ile ya chini inafuata maji ya theluji yaliyozama polepole wakati wa baridi, ile ya juu inadaka mvua za radi za mwezi wa saba na wa nane ambazo zinanyesha nusu saa zinaisha. Ukipita porini unaona miti imeachana kwa nafasi kama kuna mtu kaipima kwa kamba, hamna aliyepima, ni kila mti una shamba lake la maji huko chini.

Pili, na hili ndo kubwa, ni majani. Majani ya mti yana vitundu vidogo mno huwezi kuviona kwa macho. Vikifunguka mti unavuta hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula chake, lakini kupitia tundu hilohilo maji yanatoka kama mvuke, huwezi kupata kimoja ukakwepa kingine. Pinyoni, udongo ukianza tu kukauka, inafunga vitundu mapema sana kabla mambo hayajawa mabaya. Maji yanabaki ndani ila na chakula hakipikwi tena. Yaani inafunga vitundu na yenyewe inafunga kabisa, kama mtu anavyofunga, inaishi kwa akiba ya sukari na wanga iliyoiweka kwenye shina na mizizi wakati wa neema. Jirani yake mtarakwa hafanyi hivo, yeye anaendelea kula hata udongo ukiwa mkavu kweli, kwa sababu mishipa yake ya maji ni migumu, inavutwa sana na haikatiki.

Kwahiyo mtu akisema pinyoni inavumilia ukame, ajue inavumilia kwa kujinyima. Ukame wa mwezi, wa msimu, hata wa mwaka, inajinyima inapita. Mvua ikirudi inafungua, maisha yanaendelea.

Kama ni hivo mbona tulisikia imekufa mingi sana?

Ilikufa kweli. Mwaka 2002 na 2003 kulikuwa na ukame mkali na joto juu yake, na mipinyoni ilikufa kwa mamilioni katika majimbo yote manne. Kuna eneo moja karibu na Los Alamos, kaskazini mwa New Mexico, ambalo wanasayansi walikuwa wanalifuatilia kwa miaka, pale zaidi ya asilimia 90 ya pinyoni zilikufa ndani ya muda mfupi, na mitarakwa iliyo katikati yake mingi ikabaki hai. Mi wakati huo sikuwepo huku, ila mpaka leo kuna miteremko unapita unakuta magogo ya kijivu yamelala kila upande na mitarakwa imesimama peke yake.

Sababu ni kwamba kufunga kuna mwisho wake. Kuna mdudu mdogo jamii ya mbawakawa, mdogo kuliko punje ya mchele, anaitwa Ips confusus, kazi yake ni kutoboa magome ya pinyoni na kutaga humo. Mti wenye afya akitoboa anakutana na utomvu unamzamisha au unamsukuma nje. Sasa utomvu unatengenezwa kutokana na chakula, na mti ambao umefunga mwaka mzima hauna cha kutengenezea utomvu. Mdudu anaingia, anaita wenzake kwa harufu, wanakuja mamia, na wanakuja na kuvu anayeziba mishipa ya maji. Ukikata gogo la mti uliokufa hivo unaona mbao imeingia rangi ya buluu kama wino umemwagika, ndo alama ya huyo kuvu.

Ukame ulishawahi kuwepo, miaka ya 1950 huku palikauka vibaya sana na miti ilikufa pia. Tofauti ni joto. Joto likizidi hewa inanyonya maji zaidi kwenye majani na udongo unakauka haraka, kwahiyo mti unaanza kufunga mapema zaidi na unafungua kwa kuchelewa, siku za njaa zinaongezeka kila upande. Mti haujabadilika, ila akiba yake iliwekwa kwa hesabu ya ukame wa zamani. Hili linaniuma, siwezi kuficha.

Mbegu zinachukua muda gani kukomaa?

Kaa chini kwanza. Koni moja ya pinyoni, yaani lile tunda gumu lenye magamba linalobeba mbegu, tangu ianze kama kichipukizi mpaka mbegu iive, inapita miaka mitatu ya kalenda. Kichipukizi kinajitengeneza mwisho wa kiangazi mwaka wa kwanza, mwaka wa pili mwezi wa sita hivi kinapata chavua, mwaka wa tatu mwezi wa tisa ndo koni inafunguka.

Na sio kila mwaka. Mavuno makubwa yanakuja kila baada ya miaka mitatu mpaka saba, na yakija yanakuja eneo zima kwa pamoja, miti yote ya mlima mmoja kama imepigiana simu. Mti wenyewe unaanza kuzaa ukiwa na miaka kama 25, na mavuno ya maana unayapata ukishafika miaka 75 au 100. Alafu unaishi sana, miaka mia tatu, mia tano, kuna iliyozidi. Ule unaookota chini yake leo inawezekana ulikuwepo kabla ya mji wa Albuquerque, ambao ulianzishwa mwaka 1706.

Watafiti walirudi kwenye maeneo yaliyowahi kupimwa miaka ya 1970, wakakuta idadi ya koni imeshuka kwa kama asilimia 40, na pale ambapo joto la mwisho wa kiangazi liliongezeka zaidi ndo pameshuka zaidi. Ni palepale kwenye kile kichipukizi cha mwaka wa kwanza, mti ukiwa na joto na njaa haukianzishi.

Nani anaipanda?

Ndege. Mbegu za paini nyingi zina ubawa, upepo unazibeba, hata patula ni hivo. Mbegu ya pinyoni haina ubawa na ni nzito, ikianguka inaanguka palepale chini ya mama yake. Kuna ndege wa buluu jamii ya kunguru, anaitwa pinyon jay, wanatembea makundi ya mamia wakipiga kelele, hao ndo wapandaji. Kwa kawaida ndege wa jamii ya kunguru ana manyoya yanayofunika matundu ya pua, huyu hana, pua iko wazi, ndo maana anaweza kuingiza mdomo mzima kwenye koni imejaa utomvu akautoa bila kugandiwa na manyoya. Anachukua mbegu anaibonyeza mdomoni, anaipima uzito, tupu anaitupa, nzima anameza kwenye koo lake linalotanuka, akijaa anaruka nazo kilomita kadhaa kwenda kuzifukia moja moja ardhini kwa ajili ya baridi. Anakumbuka alipoweka nyingi sana, lakini sio zote. Zile alizosahau, hasa zilizofukiwa kwenye kivuli cha kichaka, ndo zinaota, kwa sababu mche wa pinyoni ukiwa mdogo hauliwezi jua la wazi, lazima upate kichaka cha kuulea.

Sasa hawa ndege nao wamepungua sana tangu miaka ya 1960. Miti ikipunguza koni ndege wanapungua, ndege wakipungua hamna wa kupanda upya milima iliyokufa. Ukiokota acha na za kwao, tafadhali.

Unaokotaje? Tuelezee siku yenyewe ilivyo.

Aliyenifundisha ni mama mmoja mtu mzima ninayefanya naye kazi, familia yake iko New Mexico vizazi na vizazi. Tulikwenda kwenye miteremko ya milima ya Manzano, mwezi wa kumi mwanzoni, baridi ya kwanza ilishapiga koni zimefunguka. Unatandika shuka la zamani chini ya mti, unapiga magoti, basi. Ukinyamaza unazisikia zinadondoka zenyewe kwenye majani makavu, moja, alafu kimya, alafu mbili. Zilizoanguka nje ya shuka unaokota kwa vidole kama unavyochambua choroko. Kilo moja ni kama mbegu elfu nne, kwahiyo mtu akikupa kikombe cha pinyoni jua amekupa mgongo wake na magoti yake.

Yule mama alinionyesha rangi. Mbegu ya kahawia iliyokolea ina kitu ndani, ile iliyopauka kama rangi ya mchanga ni tupu, usihangaike nayo. Nyumbani unazimwaga kwenye maji, zinazoelea unatupa.

Mikono itakuwa myeusi kwa utomvu na sabuni haiutoi, paka mafuta ya kupikia ufikiche kwanza ndo unawe. Vaa nguo ambazo hutazililia.

Na hili nasisitiza, usichokonoe viota vya panya kutafuta mbegu alizokusanya, hata kama unaona ni nyingi. Mwaka 1993 huku kwenye mpaka wa majimbo manne ulitokea ugonjwa wa kifua ulioua watu haraka sana, wengi vijana wenye afya, na ikagundulika ni hantavirusi inayotoka kwenye mkojo na kinyesi cha panya wa porini. Mwaka ule panya walikuwa wengi kwa sababu mvua na chakula vilizidi, zikiwemo mbegu za pinyoni, na wazee wa Kinavajo, wenyeji wa asili wa huku, walishalisema hilo mapema, kwamba pinyoni zikizidi panya wanazidi na ugonjwa unafuata.

Mtu yeyote anaruhusiwa kuokota?

Kwenye misitu na ardhi ya serikali kuu, kwa matumizi ya nyumbani, mara nyingi unaruhusiwa bila kulipa mpaka kama ratili 25 kwa mtu, ambayo ni kilo 11 na kitu. Za kuuza unahitaji kibali. Masharti yanatofautiana, piga simu ofisi ya msitu husika kabla hujatoka. Kwenye hifadhi za taifa kila moja ina sheria zake, na kwenye ardhi ya Wanavajo, Wahopi na mataifa mengine ya wenyeji usiingie kuokota bila ruhusa yao.

Unazikaangaje?

Kama karanga. Loweka kwenye maji ya chumvi saa chache, chuja, weka kwenye oveni nyuzi 150 za Selsiasi kwa kama dakika 20 ukigeuzageuza, au kwenye kikaango kizito moto mdogo. Onja moja kila baada ya muda, kiini kikitoka kwenye weupe kikaanza kuwa kama rangi ya asali toa, usisubiri, zinaungua ghafla. Unabangua kwa meno ya mbele, unaibana kwa urefu sio kwa upana, ganda ni jembamba linapasuka lenyewe. Wenyeji wanaweka kiganja kizima mdomoni wanatema maganda upande mmoja huku wanaongea, mi bado nakula moja moja.

Zenye ganda zinakaa miezi mingi sehemu kavu na baridi. Ukishabangua weka kwenye friza, mafuta yake yanaharibika yanakuwa na harufu ya rangi ya nyumba.

Ladha ikoje, na zina nini mwilini?

Laini, ina mafuta, tamu kidogo, alafu mwishoni unapata harufu ya mti wenyewe kwa mbali. Ukiniambia niifananishe nitasema katikati ya korosho mbichi na nazi changa, ila ule mwisho wa harufu hauna mfano. Pinyoni ya huku ni kama asilimia 60 mafuta na asilimia 14 hivi protini. Ile ya Nevada ni tofauti sana, zaidi ya nusu ni wanga na mafuta hayafiki robo, ndo maana wenyeji wa kule, Washoshone, Wapaiute na Wawasho, walikuwa wanazisaga unga wanapika uji, uji kabisa wa kuwavusha baridi nzima.

Wenye mzio wa njugu na karanga muwe makini, mzio wa hizi upo. Watoto wadogo wasipewe nzima, zinaweza kuwapalia.

Nilikula mbegu za paini za dukani mdomo ukawa mchungu wiki nzima, ni sumu?

Ilinitokea pia, na pakiti ilikuwa mpya. Nilikula Jumamosi, Jumatatu kila kitu kikawa kichungu, chai, ugali, hata maji, nikadhani naumwa ini. Inaisha yenyewe ndani ya siku kadhaa mpaka wiki mbili. Imehusishwa na mbegu za aina moja ya paini ya China, Pinus armandii, ambazo zilikuwa zinachanganywa na zile za kawaida za kula. Pinyoni hazihusiki na hilo. Ukinunua soma zimetoka nchi gani na kama zimeandikwa aina.

Nani walianza kuzila?

Wenyeji wa huku, maelfu ya miaka iliyopita, maganda yamekutwa mapangoni Utah na Nevada. Wanavajo, wenyewe wanajiita Diné, wanaziita neeshchʼííʼ. Kwa watu wa Chaco, mji wa kale wa mawe hapa New Mexico, na wote walioishi eneo lile, pinyoni ilikuwa chakula, kuni na gundi.

Kitu ambacho kilinigusa, Mzungu wa kwanza kuandika habari za mbegu za jamii hii ni Cabeza de Vaca, Mhispania aliyekuwa kwenye msafara uliopotea Marekani baada ya 1528, walibaki watu wanne tu, wakatembea kwa miguu mpaka Meksiko wakafika 1536. Ameandika kwamba walikula mbegu za misonobari midogo njiani na kwamba ni nzuri kuliko za kwao Hispania kwa sababu ganda lake ni jembamba. Mmoja wa hao wanne alikuwa Mwafrika, Esteban wa Azemmour, Morocco, aliyechukuliwa utumwani. Kwahiyo Mwafrika ameshakula mbegu hizi karibu miaka 500 iliyopita, akiwa na njaa, akiwa mbali na kwao. Nikiwa pale Manzano nimepiga magoti huwa namkumbuka.

Baadaye ilikuja migodi. Kule Eureka, Nevada, miaka ya 1870, pinyoni zilikatwa kilomita kwa kilomita kuchoma mkaa wa kuyeyusha madini ya fedha, wenyeji wakabaki bila chakula cha baridi. Na kuanzia miaka ya 1950 zikang'olewa kwa mnyororo wa nanga ya meli unaovutwa na matrekta mawili, ili ng'ombe wapate majani. Mti uliochukua miaka 200 unaenda chini kwa sekunde.

Utomvu wake una kazi gani?

Wanavajo wanapaka kwenye vikapu vilivyosukwa vikawa vyombo vya maji visivyovuja. Ukikauka unachomwa kama ubani, na kuni zake zina harufu hiyohiyo, jioni ya mwezi wa kumi na mbili ukipita Santa Fe mji mzima unanukia.

Je za paini za Sao Hill zinalika?

Watoto wa Mafinga wote tumejaribu. Mbegu ya patula ni ndogo kama ya ufuta, ina ubawa, hamna kitu cha kutafuna. Paini zile zililetwa kwa ajili ya mbao, karatasi na sa hivi utomvu, kwa hilo ziko vizuri.

Naweza kupanda pinyoni Singida au Dodoma, si kuna ukame?

Naelewa kwa nini mnauliza na natamani ningesema ndiyo. Ukame wa huku ni wa baridi, mbegu mara nyingi inaota vizuri ikishakaa kwenye baridi kwa muda, na mti umezoea theluji inayozama polepole, sio jua la Singida mwaka mzima. Pia paini haikui bila kuvu wake maalumu wa kwenye mizizi. Alafu hata ukifanikiwa, utakayekula ni mjukuu wako. Kuingiza mbegu kutoka nje lazima upite kwenye mamlaka za afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, usizifiche kwenye begi, magonjwa ya miti yanasafiri hivohivo, wazee wa misitu wanakumbuka ugonjwa wa majani ulivyomaliza paini za radiata Kenya na Tanzania miaka ya 1960. Nchi yetu kavu ina mibuyu, mikwaju na mikunazi, hiyo inajua jua letu.

Naishi huku Marekani na nina pinyoni kwenye kiwanja, niutunzeje?

Usipogoe kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi, harufu ya jeraha bichi inaita wale wadudu, subiri baridi. Kuni mbichi za pinyoni usizipange karibu na mti hai. Ukame ukizidi mwagilia taratibu maji yazame, na usimwagie kwenye shina, mwagia pale kivuli kinapoishia na nje yake kidogo, mara moja kwa mwezi inatosha, hata wakati wa baridi kama theluji haijaanguka. Ukiona unga mwekundu kwenye nyufa za magome na majani ya juu yanapauka, umechelewa, ukate uutoe haraka wenzake wapone.

Mwaka ujao kutakuwa na mavuno?

Hili unaweza kuliona mwenyewe bila kumuuliza mtu, kwa sababu koni ya mwakani tayari iko mtini. Shika ncha ya tawi la juu upande wa jua uangalie kwa karibu, kama kuna vikoni vidogo saizi ya njegere, vigumu, vina rangi kama ya zambarau iliyofifia, hivyo ndo vya mwezi wa tisa mwakani vikisalimika. Juzi nilikwenda Manzano kwenye ule mti ninaoanziaga kila mwaka. Nilikagua matawi yote niliyoweza kuyafikia, kwenye tawi moja nilikuta vinne, lingine viwili, mengine matupu, na juu kabisa ambako siwezi kufika walikuwepo wale ndege wa buluu.